Studio ya Wanafunzi Ianze na Ukuta, Viti Vitafuata

Chuo kinapopata fedha za kukarabati studio ya wanafunzi wa usanifu, mjadala wa kwanza kamatini huwa ni wa samani. Hutajwa viti vipya, meza zenye rangi, kochi la kona moja ili vijana wajisikie huru, na siku hizi zulia la nyasi bandia ambalo sijui fasheni yake ilianzia wapi. Hoja inayotolewa ni kwamba chumba kikivutia wanafunzi watakaa, wakikaa watazungumza, na wakizungumza ubunifu utapatikana. Hoja hiyo ina mantiki, ila imeanzia katikati. Mimi naona kwamba studio ya pamoja hujenga umoja na ubunifu pale tu ambapo kazi zisizokamilika zinaweza kubaki humo usiku na mchana, zikionekana na kila anayepita, na kwamba maamuzi mengine yote, kuanzia mwanga hadi ufunguo wa mlango, yanapaswa kupimwa kwa kigezo hicho. Nitazungumzia zaidi hali ya vyuo vya mjini Tabora, kwa kuwa mji huu una mahitaji yake na una vitu vya kuutosheleza ambavyo kamati zetu huvipita zikienda kuangalia katalogi.

Tabora ni mji wa vyuo. Kipo cha ardhi, cha reli, cha nyuki na cha utumishi wa umma, kipo cha ufundi stadi chini ya VETA, na kipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo. Si vyote vinavyofundisha usanifu, lakini kuchora kwa nia ya kutengeneza kitu kunafanyika katika zaidi ya kimoja, kitu hicho kiwe ramani, nyumba, kabati au nembo ya bidhaa. Sitataja chuo, kwa sababu hali ninayoieleza haina mwenyewe mmoja. Chumba kilijengwa kuwa darasa, kikageuzwa studio kwa kuingiziwa meza za kuchorea, kisha kikagawiwa kwa zamu: mwaka wa kwanza asubuhi, mwaka wa pili mchana, na jioni huenda kikawa ukumbi wa mikutano ya serikali ya wanafunzi. Kila zamu inapokwisha meza huachwa tupu. Karatasi zinaviringishwa na kuingizwa kwenye mrija wa plastiki, modeli ya kadibodi inabebwa kwa tahadhari hadi bwenini na kusukumwa uvunguni mwa kitanda, na ukutani hubaki tangazo la kukataza kubandika kitu chochote ili rangi isibanduke. Mwanafunzi wa studio ya namna hiyo huiona kazi ya mwenzake siku ya kuwasilisha tu, wakati wino umeshapita na hakuna kinachoweza kubadilishwa. Anajua majina ya wenzake wote, na hajui hata mmoja wao anafikirije.

Hasara yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu mchoro wa mwanzo ni mahali pa kufikiria kabla haujawa mahali pa kuonyesha ulichofikiri. Donald Schön, aliyekuwa profesa wa chuo kikuu cha teknolojia cha MIT nchini Marekani, alichambua kwa makini mazungumzo ya mwalimu wa usanifu majengo na mwanafunzi wake yaliyofanyika mezani, na mwaka 1983 akaonyesha jinsi ujuzi wa taaluma hii unavyopita: mchoraji huweka mstari, mstari ukamwonyesha jambo ambalo hakulitarajia, naye akairekebisha nia yake na kuchora tena. Ujuzi huo hauandikiki kwenye maelezo ya somo, na haubaki kwenye mchoro uliosafishwa kwa ajili ya mtihani. Anayejifunza kupika pilau ya shughuli hajifunzi kwa kuonja sahani iliyokwisha kupakuliwa. Hujifunza akiwa kando ya sufuria, akiona vitunguu vimefikia rangi gani kabla ya nyama kuingia, na ni wakati gani makaa yanapandishwa juu ya mfuniko. Studio inayofagia kazi za wanafunzi kila jioni inawapa sahani tu.

Waliotutangulia katika kufundisha usanifu walilijua hili bila ya kulifanyia utafiti. Katika karne ya 19, wanafunzi wa chuo cha sanaa cha École des Beaux-Arts mjini Paris walifanya kazi katika karakana zilizochanganya wakongwe na wageni chini ya bwana mmoja. Siku ya kuwasilisha ilipokaribia, wageni waliwasaidia wakongwe kumalizia michoro mikubwa, na kwa msaada huo wakaona kwa karibu maamuzi ambayo wao wenyewe wangeyafikia miaka kadhaa baadaye. Bauhaus, shule iliyoanzishwa na Walter Gropius mjini Weimar mwaka 1919, iliweka katika kila karakana walimu wa aina mbili, msanii wa kufundisha umbo na fundi wa kufundisha kazi ya mikono. Ilipohamia Dessau ilijengewa jengo lililozinduliwa mwaka 1926, ambalo upande wake wa karakana ulizungushiwa kuta za kioo, na picha za kioo kile ndizo zinazoonekana hadi leo kila panapozungumzwa habari za studio. Kioo cha namna hiyo hapa Tabora kingetufukuza chumbani ifikapo saa nne asubuhi. Utaratibu wa fundi na msanii kusimama katika chumba kimoja ndio uliokuwa na thamani zaidi, na ndio wenye gharama ndogo zaidi kuuiga.

Kwa hiyo marekebisho ya kwanza ninayoyapendekeza hayahitaji fundi wala saruji, yanahitaji ratiba. Kila zamu ichukue nusu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza na nusu ya wa mwaka wa pili, badala ya darasa zima la mwaka mmoja, ili katika zamu yoyote wawepo wa mwaka wa kwanza na wa pili, wamekaa meza kwa meza. Wakuu wa idara watasema kuwa mihadhara inagongana, na ni kweli kwamba mwandaaji wa ratiba ataumwa kichwa kwa muhula mmoja. Lakini idadi ya watu chumbani haibadiliki, na kinachopatikana ni kwamba kila anayeanza anakaa hatua mbili kutoka kwa mtu aliyelikosea zoezi lile lile mwaka jana.

Baada ya ratiba ndipo tufike ukutani. Hesabu yake ni rahisi, ingawa sijaona kamati ikiifanya. Karatasi ya A1 ina milimita 594 kwa 841, na shiti moja ya softibodi, ubao laini unaopitisha pini, ya futi 8 kwa 4 inabeba karatasi nne za aina hiyo bila kubanana. Darasa la wanafunzi 40, kila mmoja akiwa na karatasi moja tu iliyobandikwa, linahitaji shiti 10, ambazo zikipangwa kwa ulalo ni zaidi ya mita 24 za ukuta. Ukitoa milango, madirisha na ubao wa mwalimu, darasa la kawaida halina ukuta wa kiasi hicho, sembuse chumba kinachotumiwa na madarasa mawili. Hapo ndipo fedha zilizotengwa kwa viti zinapopata kazi yake halisi: kutengenezea mbao za kubandikia zenye nyuso mbili, zilizofungwa kwenye fremu ya mbao na kuwekewa magurudumu, ambazo zinaweza kusogezwa zikagawa chumba, zikakigeuza kuwa vichochoro vya maonyesho, au zikasukumwa pembeni siku ya mtihani. Seremala yeyote wa Ng'ambo au Isevya hapa mjini anaweza kuzitengeneza akipewa mchoro, na mchoro huo wauchore wanafunzi wenyewe liwe zoezi lao la kwanza la muhula. Kama hata hizo zimeshindikana, kamba zilizovutwa kutoka ukuta hadi ukuta na vibanio vya kuanikia nguo vinafanya kazi hiyo kwa sehemu kubwa, na modeli zipate rafu zilizo wazi juu ya usawa wa vichwa, zisipelekwe stoo.

Kompyuta imeongeza ugumu wa jambo hili. Mwanafunzi anayechora kwenye laptopu ana studio nzima ndani ya kioo ambacho mtu mmoja tu anakitazama, na akifunga mfuniko kazi yote imetoweka machoni pa wenzake. Sishauri turudi kwenye rula ya T. Nashauri kila mwanafunzi achape karatasi moja ya A3, nyeusi na nyeupe, kila Ijumaa, ikiwa na tarehe na jina lake, hata kama mchoro umekwama mahali pabaya, na aibandike juu ya ile ya wiki iliyopita bila kuiondoa. Gharama ya wino huo iingizwe kwenye bajeti ya chuo kama inavyoingizwa chaki, maana ikiachiwa mwanafunzi atachapa mara moja tu, mwishoni, kwa uoga na kwa mkopo.

Sasa nifike kwenye pendekezo linalopendwa kuliko yote, la kubomoa kuta za ndani ili watu wote wawe ukumbi mmoja. Mwaka 2018 Ethan Bernstein na Stephen Turban walichapisha utafiti kuhusu makao makuu ya kampuni mbili kubwa za Marekani zilizofanya hivyo hivyo. Wafanyakazi walivalishwa vifaa vidogo vilivyorekodi nani alikutana na nani. Baada ya kuta kuondolewa, mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70, na mawasiliano ya kuandikiana yakaongezeka. Watu waliokosa pa kujificha walijificha nyuma ya kompyuta na vipokea sauti vya masikioni. Matokeo hayo yanaungana na jambo la zamani zaidi: mwaka 1958, Taylor, Berry na Block wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha vikundi vya watu wanne waliotafuta mawazo kwa pamoja na watu wanne waliofikiri kila mmoja peke yake kisha majibu yao yakajumlishwa, na waliofikiri peke yao wakatoa mawazo mengi zaidi. Ofisi si studio, na wafanyakazi wa Marekani si wanafunzi wa Unyamwezi. Hata hivyo onyo lake linatuhusu. Kinachopaswa kuonekana na wote ni kazi, wakati mtu mwenyewe anastahili kupewa mahali pa kujitenga. Zile mbao za magurudumu zinaweza kutengeneza vijumba vya mtu mmoja au wawili kwenye pembe za chumba, mgongo wa mchoraji ukielekea ukutani na mchoro wake ukining'inia upande wa pili, unapoelekea njia. Akitaka kuulizwa atatoka. Asipotaka, wapita njia wataiandikia karatasi yake.

Ukaribu, kwa upande mwingine, una nguvu isiyobishaniwa. Thomas Allen wa MIT aliwafuatilia wahandisi katika miaka ya 1970 na kuonyesha kuwa uwezekano wa watu wawili kuzungumza juu ya kazi hushuka kwa kasi kadiri meza zao zinavyoachana, na ikifika takriban mita 30 unakuwa mdogo mno. Ofisi za wakufunzi wengi ziko jengo la utawala, ng'ambo ya uwanja, juani. Meza moja ya mkufunzi iwekwe ndani ya studio karibu na mlango, wakufunzi waipeane kwa saa, na itajibu maswali ambayo mwanafunzi hawezi kuvuka uwanja kwa ajili yake. Isiwe meza kubwa kuliko za wanafunzi. Sababu yake kila aliyesoma hapa nchini anaielewa.

Kuna jengo moja ambalo kamati zote za ukarabati zingepaswa kulifikiria kabla ya kuchagua rangi. Mwaka 1943, wakati wa vita, MIT ilijenga jengo la mbao kwa haraka kwa ajili ya utafiti wa rada, likapewa namba 20, kwa matarajio kwamba vita vikiisha libomolewe. Lilibomolewa mwaka 1998. Katika miaka hiyo yote lilipokea idara zilizokosa nafasi penginepo, na kwa kuwa hakuna aliyelithamini, hakuna aliyeogopa kutoboa ukuta kupitisha waya au kung'oa sakafu ili chombo kirefu kisimame. Wanasayansi waliolitumia walilikumbuka kwa mapenzi ambayo majengo mazuri ya chuo hicho hayakuyapata. Funzo ninalolichukua ni finyu, na si sifa kwa uchakavu: ruhusa ya kubadilisha chumba ina thamani kuliko uzuri wa chumba. Rangi mpya yenye tangazo la kukataza kubandika ni hasara mara mbili, kwani imelipiwa na imenyamazisha ukuta. Angalau ukuta mmoja, na nusu ya meza, viandikwe rasmi kuwa vinaruhusiwa kupigiliwa misumari, kupakwa na kukatwa, na mkaguzi wa mali za chuo apewe maandishi hayo ili asije akamwadhibu mtu kwa kufanya alichotumwa.

Hali ya hewa yetu inahitaji aya zake, kwa kuwa chumba kisichokalika hakina umoja wa kujenga. Tabora iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri linapita juu kabisa ya utosi mapema mwezi wa Machi na tena mapema mwezi wa Oktoba, na Oktoba ndio mwezi wa joto kali na ndio wakati vyuo vingi vinafungua mwaka wa masomo. Joto linashuka kutoka kwenye bati. Kuta za mashariki na magharibi nazo hupigwa na jua la chini la asubuhi na alasiri, jua ambalo upenuko wa paa hauwezi kulizuia. Studio inayopangwa upya ipate madirisha makubwa kaskazini na kusini chini ya upenuko mrefu, na kuta za mashariki na magharibi ziwe ndizo za kubandikia michoro, kwa kuwa hazihitaji matundu. Mwanga wa kuchorea ni mwingi kuliko wa kusomea: kiwango cha Ulaya kwa vyumba vya michoro ya kitaalamu ni lux 750, lux ikiwa ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya meza. Simu yenye programu ya kupima mwanga itatoa makadirio ya kutosha kuonyesha ni meza zipi zimekaa gizani, na meza hizo, niko tayari kubashiri, ndizo zisizo na mtu.

Mvua nayo, inayoanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, ina tatizo ambalo wageni hawalitambui. Bati lisilo na dari likipigwa na mvua ya Tabora, mazungumzo hukatika. Mkufunzi anasimama kinywa wazi akisubiri, na kikao cha kukosoana michoro kinaahirishwa. Francis Kéré, mzaliwa wa Gando huko Burkina Faso, alijibu sehemu kubwa ya tatizo la joto katika shule ya msingi ya kijiji chake iliyokamilika mwaka 2001. Aliinua bati juu ya fremu ya vyuma, mbali na dari ya matofali yenye upenyo, ili hewa ya moto itoke katikati yao, na wanakijiji wenyewe wakashiriki kujenga. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya kimataifa ya usanifu majengo. Hatuwezi kuinua paa la kila darasa. Tunaweza kuweka dari, kuacha matundu ya hewa chini ya paa pande mbili, na kuijaza nafasi ya juu ya dari kwa kitu cha kumeza sauti. Fedha za zulia la nyasi bandia zingeenda huko.

Nje ya chumba kuna nafasi ambayo tunaidharau. Tembe, nyumba ya asili ya ukanda huu, ilizungusha vyumba kwenye ua, na lile la Kwihara nje kidogo ya mji, alilokaa Livingstone mwaka 1872, bado linatembelewa. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyefika Kazeh, yaani Tabora ya wakati huo, mwaka 1857, aliandika pia juu ya iwanza, nyumba ya pamoja katika vijiji vya Unyamwezi ambako watu walikaa, wakapumzika na kufanya kazi ndogo za mikono bila kuwa wageni wa mwenye nyumba. Sitaki tuige umbo lake kwa kuchora pembe nne na kuliita jengo la utamaduni. Hilo limefanywa mara nyingi na halijamsaidia mtu. Ninachokiona ni kwamba kazi chafu na mazungumzo marefu vilipewa mahali pake, kivulini, karibu na njia. Studio zetu nyingi zina veranda iliyojaa meza mbovu na, hatua chache mbele, mwembe mkubwa. Veranda iondolewe meza hizo na ipewe benchi la kujengea la urefu wote wa ukuta, ipate bomba la maji na sehemu ya kukatia mbao na kupulizia rangi, na kikao cha kukosoana cha kila wiki kihamie hapo msimu wa kiangazi. Vumbi la msumeno likitoka ndani, meza za ndani zitakuwa safi kwa karatasi, na mpita njia wa idara nyingine atakayesimama kuuliza kinachotengenezwa atakuwa amekaribishwa bila barua.

Ufunguo ni suala gumu kuliko yote niliyotaja. Kazi haiwezi kubaki ukutani kama chumba hakifungwi, na haina maana ikibaki kama chumba hakifunguliwi. Vyuo vingi humwachia ufunguo mlinzi au bwana stoo, ambaye kwa haki kabisa hataki kuwajibishwa kwa printa iliyopotea, kwa hiyo anafunga saa kumi na moja. Wanafunzi wa kiume huzunguka hilo kwa urafiki na mlinzi. Wa kike hawawezi, na hata wakiweza, njia ya kurudi bwenini haina taa. Tukisifia utamaduni wa studio inayokesha bila kuliangalia hili, tunawapa nusu ya darasa saa za ziada ambazo nusu nyingine hawazipati, kisha tunashangaa majina ya wanaoshinda kila mwaka. Pendekezo langu ni saa zinazojulikana: studio ifungwe saa nne usiku kwa wote, taa ziwekwe njiani hadi mabwenini kabla ya taa za mapambo chumbani, na wasimamizi wa zamu ya jioni wawe wawili, mmoja wao wa kike, walipwe kidogo kutoka kwenye fungu la kazi za wanafunzi. Jumapili mchana ifunguliwe. Kukesha wiki ya mwisho kuna ladha yake, nakubali, lakini ni dalili ya kazi iliyoanza kuonekana kwa kuchelewa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kila mwenye stoo analijua hilo. Hata hivyo daftari pekee halitoshi, kwa kuwa likishikwa na mtu asiyetumia vifaa linakuwa kizuizi. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zilizotunza misitu, mifereji ya maji na sehemu za uvuvi kwa pamoja kwa muda mrefu, na akakuta mambo yanayojirudia: watumiaji wenyewe walishiriki kutunga kanuni, waangalizi walitoka miongoni mwao au waliwajibika kwao, na adhabu zilianza ndogo zikapanda kwa anayerudia. Katika studio zetu kanuni hutungwa na utawala, mwangalizi hatumii studio, na adhabu ni moja tu, kufungia wote. Kikata karatasi kikivunjika, darasa zima linakosa kikata karatasi hadi mwaka wa fedha ujao. Vifaa vya kila siku, yaani rula, visu, gundi, mikasi na ekstensheni za umeme, vitundikwe kwenye ubao ambao umbo la kila kifaa limechorwa, kinachokosekana kionekane mara moja, na kamati ya wanafunzi iwe na daftari, fungu dogo la matengenezo na mamlaka ya kumsimamisha mtu kwa wiki moja. Mashine za gharama zibaki chini ya bwana stoo.

Wanafunzi wenyewe wana pingamizi moja, na wanalitoa kwa sauti ya chini kwa sababu si la kistaarabu: wanaogopa kuibiwa mawazo. Hofu hiyo ina msingi. Pale ambapo alama zote zinatolewa kwa karatasi ya mwisho, na karatasi mbili zikifanana mkufunzi hajui aliyetangulia, mwenye akili ataficha. Karatasi za Ijumaa zenye tarehe zinaondoa sehemu ya tatizo, kwani zinaweka kumbukumbu ya nani alifika wapi na lini. Sehemu iliyobaki ni ya mkufunzi. Atenge sehemu ya alama za tathmini endelevu kwa ajili ya mwenendo wa kazi iliyobandikwa, na amtake kila mwanafunzi, wakati wa kuwasilisha, aseme amechukua nini kutoka kwa nani. Anayetajwa na wengi apate alama kwa hilo. Ukimwambia mwanafunzi ashirikiane huku ukimpa alama kwa kujificha, atafuata alama, na hapo hatuna haki ya kumlaumu.

Umoja pia unahitaji kazi ya kuubeba. Watu hawajengi ushirika kwa kukaa karibu tu. Hata stendi ya mabasi watu wanakaa karibu. Mkoa huu unajulikana kwa asali na kwa miti ya miombo, mninga ukiwamo, na bado asali nyingi sokoni inauzwa katika chupa za maji zilizokwisha kutumika, bila lebo ya maana. Zoezi moja la muhula mzima, la kubuni chombo, lebo, kasha la kusafirishia na kibanda cha kuuzia asali ya kikundi kimoja cha wafugaji nyuki, lingehitaji mchoraji wa nembo, seremala, mtu wa vipimo na mtu anayejua nyuki mwenyewe. Wote hao wamo katika vyuo vya mji mmoja na hawajawahi kukaa meza moja. Fundi wa mjini aalikwe studio siku moja kwa wiki na alipwe kama mkufunzi wa muda, asimame mbele ya mchoro wa kasha na kuuliza pembe hii itakatwa kwa msumeno gani. Swali lake litaandikwa kwenye karatasi ukutani kwa mkono wa mtu mwingine, na wiki inayofuata mchoro utakuwa umebadilika.

Kuhusu mpangilio wa matumizi, ningeweka dari na matundu ya hewa kwanza, kisha taa za ndani na za njiani, kisha mbao za kubandikia na rafu, soketi za kutosha kwenye kuta, benchi la veranda, na fungu la wino. Viti vya zamani vinaweza kupigwa msasa na kukazwa misumari na wanafunzi wa useremala. Kazi ya paa ifanyike kati ya Julai na Septemba wakati wa likizo ndefu, imalizike kabla ya mvua za Novemba, na ratiba mpya ya zamu ianze siku ile ile chumba kinapofunguliwa, maana ikisubiri muhula wa pili, wanafunzi wa kila mwaka wa masomo watakuwa wameshajizoesha kukiita chumba hicho chao.